Hakuna Kisukari cha Kushuka



Nimeombwa niseme juu ya sukari inayoshuka mwilini, nami nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, nilifundisha biolojia miaka 31, na kongosho nimelichora ubaoni mara nyingi hata chaki inalijua. Pili, sukari yenyewe iliyokuwa ikishuka ni yangu. Mimi si daktari. Mkitoka hapa msiseme "daktari amesema." Semeni mwalimu amesema, halafu mkamwulize daktari.

Nianze na jina, maana ni jina lililonipoteza. Kwetu tunasema presha ya kupanda na presha ya kushuka. Tamko hilo likatukaa vizuri mdomoni, tukalihamishia kwenye sukari: kisukari cha kupanda, kisukari cha kushuka. Ukipanda daladala utamsikia mtu akimwambia jirani yake, "Mimi changu ni cha kushuka," tena kwa sauti ya mtu aliyegawiwa fungu jepesi.

Kisukari cha kushuka hakipo. Kisukari kina aina zake, ya kwanza, ya pili, na ile ya wakati wa ujauzito, lakini zote ni hali ya sukari kukaa juu kwenye damu kwa sababu insulini ni pungufu au haifanyi kazi yake sawasawa. Sukari kushuka ni tukio. Humpata mwenye kisukari anayetumia dawa, na humpata pia asiye na kisukari hata chembe. Tukio lina sababu, na sababu hutafutwa. Ukishaliita ugonjwa, ukalipa na jina, basi umejiona umefika, unaacha kutafuta.

Mimi niliacha kutafuta kwa miaka miwili.

Mama yangu alifariki akiwa na kisukari. Alianza kupoteza macho, kisha kidonda cha kidole kikawa cha mguu, mguu ukakatwa. Nilikuwa mtoto wa kiume wa mwisho, mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha kile kidonda. Kwa hiyo neno sukari nyumbani kwetu halikuwa la kwenye chai tu. Nilipofika miaka 46, nikaanza kutetemeka darasani. Ilikuwa kila mara karibu saa tatu asubuhi, kipindi cha tatu. Jasho jembamba linanitoka shingoni, moyo unakwenda mbio, vidole vinakataa chaki, na njaa inanijia ghafla, njaa ya kumfanya mtu mzima atamani andazi la mwanafunzi. Siku moja niliandika "ini" mahali pa "figo," darasa zima likacheka, nami nikashindwa kuona kosa liko wapi.

Nikaenda duka la dawa. Kijana aliyekuwapo alinisikiliza kwa adabu, akaniambia: "Mzee, hicho ni kisukari cha kushuka. Beba glukosi." Nikabeba. Pakiti ya glukosi ya unga ikawa rafiki wa mfuko wa shati, na soda ikawa dawa ya saa nne. Nikitetemeka, nalamba. Nikihisi nitatetemeka, nalamba. Baadaye nikawa nalamba hata kabla ya kuingia darasani, kwa tahadhari. Katika miaka ile miwili uzito wangu ulipanda kutoka kilo 71 hadi 82, karibu wote tumboni. Angalieni kichekesho hicho: dawa ya ugonjwa usiokuwapo ilikuwa inanisindikiza taratibu kwenye ugonjwa uliomwua mama yangu.

Aliyenizindua ni shemeji yangu, muuguzi mstaafu, mwanamke asiyependa maneno mengi. Tulikuwa msibani, nikatoa pakiti yangu nikalamba. Akaniuliza ni nini. Nikamweleza.

"Shemeji, umeipima ikiwa imeshuka?"

Nikasema naijua tu, mwili unaniambia.

"Sukari haionekani kwa macho, mwalimu. Wewe si ndiye unayefundisha watoto kupima?"

Nilinyamaza. Swali lake lilikuwa na umri mkubwa kuliko sisi wawili, ingawa sikujua wakati ule. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 ikachomwa kwa mara ya kwanza kwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa anakufa kwa kisukari. Madaktari wakaanza kuitumia, na upesi wakajionea kinachotokea ikizidi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuzimia. Mwaka 1924 daktari mmoja wa Alabama, Marekani, Seale Harris, akaandika kwamba kuna watu wasiochomwa insulini wala wasio na kisukari wanaoonyesha dalili hizohizo. Akasema huenda kongosho zao zenyewe zinamwaga insulini kupita kiasi. Habari hiyo ikapendwa mno. Baada ya miongo michache, Wamarekani wengi waliochoka, waliokosa usingizi au waliogombana na wake zao walijiambia wana sukari ya kushuka, mpaka mwaka 1973 vyama vya madaktari vya huko vikatoa tamko kwamba wengi wao hawana.

Kumbe hata wao walikuwa na kisukari chao cha kushuka.

Katikati ya hapo, miaka ya 1930, daktari mpasuaji wa New York, Allen Whipple, alikuwa ameshaweka sharti la mambo matatu, na bado ndilo linalotumika. Dalili ziwepo. Sukari ipimwe wakati uleule wa dalili na ionekane iko chini. Kisha sukari ikipandishwa, dalili ziondoke. Yakitimia yote matatu, hapo ndipo unaweza kusema sukari imeshuka. Likikosekana la katikati, una habari, huna ushahidi. Mimi kwa miaka miwili nilikuwa na la kwanza na la tatu.

Nikanunua kipimo, mashine ndogo ya kutoboa kidole, na kopo la vijiti vyake. Kwa wiki tatu nikawa najitoboa kila nikitetemeka, kabla ya kugusa kitu kitamu, na naandika kwenye daftari saa, nilichokula na namba. Daftari lile ninalo. Nilitetemeka mara saba. Mara nne kipimo kilisoma chini ya milimoli 3.9 kwa lita, na ya chini kabisa ilikuwa 3.1. Mara tatu kilisoma 5 na kitu, sukari ya mtu mzima wa afya, nami natetemeka vilevile.

Hizo mara tatu zilinifundisha kuliko zile nne. Sukari ikianza kushuka, mwili hutoa adrenalini, na adrenalini ndiyo inayoleta jasho, mtetemeko na mapigo ya moyo. Lakini adrenalini hiyohiyo hutolewa na hofu. Mtu aliyeosha kidonda cha mama yake, akihisi tu moyo umeruka, hofu inaruka pamoja nao, na hofu inatetemesha mikono, na mikono inayotetemeka inathibitisha hofu. Nilikuwa nalamba glukosi kutibu woga. Inatulizaje? Kwa sababu kulamba kunampa mtu jambo la kufanya.

Niongeze neno juu ya mashine hizi, kwani watu huziamini kama mizani ya dhahabu. Viwango vya kimataifa vinairuhusu mashine kukosea hadi 0.83 juu au chini pale sukari inapokuwa chini ya 5.6. Yaani ikisoma 3.7 huenda ni 4.5, huenda ni 2.9. Vijiti huharibiwa na joto na unyevu, hivyo msiviache kwenye gari wala juu ya friji. Na nawa mikono kwanza. Ukimenya embe ukajitoboa bila kunawa, unapima embe.

Sasa turudi kwenye zile mara nne, maana zilikuwa za kweli. Kwa nini saa tatu?

Nipeni ubao kidogo. Damu ya mtu mzima ni kama lita 5. Sukari yake kabla ya kula ni kama milimoli 5 kwa kila lita. Milimoli moja ya glukosi ina uzito wa gramu 0.18. Tano mara tano mara 0.18 ni gramu 4.5. Basi. Sukari yote inayozunguka kwenye damu yako sasa hivi ni kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake hutumia kama gramu 120 kwa siku, gramu 5 kwa saa, kwa hiyo ungekimaliza kijiko hicho ndani ya saa moja kama ini lisingekuwa linakijazia. Ini lina ghala yake, kama gramu 100 za akiba, na hutoa kidogokidogo usiku kucha ukiwa umelala. Kwa upande wa pili, chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 35. Unamimina vijiko saba au nane mahali pa kijiko kimoja, na mwili unatakiwa uvipokee pasipo kijiko kile kuongezeka sana. Kila nikiifanya hesabu hii naona ajabu kwamba wengi wetu tunatembea wima.

Kazi hiyo huifanya insulini, nayo huja kwa mikupuo miwili. Mkupuo wa kwanza hutoka ndani ya dakika kama kumi, mfupi na wa haraka. Wa pili hufuata polepole na huendelea kadiri chakula kinavyoingia. Mkupuo wa kwanza ukidhoofika, sukari hupanda kuliko inavyopasa, na kongosho likiona hivyo huongeza nguvu kwenye mkupuo wa pili, kwa kuchelewa na kwa wingi. Mmeona vijana wa kuondoa sahani kwenye karamu? Wamechelewa, vyombo vimerundikana, kisha wanakuja wote kwa pupa na kuondoa mpaka sahani za watu ambao bado wanakula. Saa tatu baada ya mlo chakula kimekwisha kupita, insulini bado imejaa, na sukari inaanguka.

Nilikuwa nakunywa chai saa kumi na mbili asubuhi. Vijiko vinne vya sukari, maandazi matatu. Wanga uliokobolewa, sukari, mafuta kidogo, basi. Saa tatu asubuhi kipindi cha tatu.

Hapa ndipo habari ya mama yangu inapoingia. Mkupuo wa kwanza kudhoofika ni moja ya dalili za mapema za kisukari cha aina ya pili. Kwa baadhi ya watu, kushuka kwa sukari saa tatu au nne baada ya kula huonekana miaka kadhaa kabla ya sukari kuanza kukaa juu. Nimesema baadhi, na naomba neno hilo msiliache ukumbini. Wako wengi wanaoshuka hivyo na vipimo vyao ni safi, na vitabaki safi. Pia kushuka kwenyewe hakuleti kisukari. Hakulichoshi kongosho wala hakuliharibu. Kwa wale baadhi, ni moshi, na moto uko mahali pengine.

Shemeji akanipeleka kupima. Asubuhi kabla ya kula nilikuwa na 5.9. Mhudumu akanipongeza: uko sawa, mzee, kisukari kinaanzia 7. Na kweli, kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani nilikuwa chini hata ya 6.1, pale onyo linapoanza. Ningeshukuru nikaondoka. Shemeji akakataa, akataka nipewe kile kipimo cha kunywa: gramu 75 za glukosi kwenye maji, unakaa saa mbili, unatobolewa tena. Ikawa 8.6. Mtu mzima wa afya huwa chini ya 7.8, kuanzia 11.1 ni kisukari. Nilikuwa katikati, kwenye ile sehemu ambayo tumbo halijaamua. Kwa hiyo kipimo cha asubuhi peke yake kingeniambia uongo wa heshima. Kama kwenu kuna kisukari na mnapata mishtuko hii baada ya kula, ombeni cha saa mbili. Kipo pia cha asilimia, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu, ambapo 6.5 na kuendelea ni kisukari. Ni kizuri, ila kwa mwenye selimundu au upungufu wa damu kinaweza kupotosha, na watu hao kwetu si wachache.

Je, ukijua uko katikati unafanya nini? Hapa nina habari njema, na ni ya hesabu. Mwaka 2002 Wamarekani walitoa matokeo ya utafiti wa watu 3,234 waliokuwa katikati kama mimi. Waliopunguza uzito kama asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58 ndani ya miaka kama mitatu. Waliopewa metformini, dawa nzuri na ya bei nafuu, walipunguza kwa asilimia 31. Wafini walikuwa wameshapata asilimia 58 hiyohiyo mwaka uliotangulia. Miguu ilishinda kidonge.

Chai yangu ya asubuhi ikawa na kijiko nusu, baadaye bila. Maandazi matatu yakawa kipande cha muhogo wa kuchemsha, na yai au maharage yaliyolala. Mke wangu alisema chakula cha kilio. Saa nne, karanga za kukaanga kiganja kimoja. Nikashuka daladala vituo viwili kabla ya shule. Ile mitetemo ya saa tatu ilikatika ndani ya mwezi. Uzito ulichukua mwaka na nusu, tena kwa ugomvi, na kila Idi unarudi kidogo kunisalimia. Mwezi wa tatu mwaka huu kipimo cha saa mbili kilisoma 7.3. Nina miaka 62. Mama yangu alifariki akiwa na 60.

Kuna sukari kushuka ambayo si ya hadithi ya maandazi, na sina budi kuitaja upesi. Malaria kali hushusha sukari, hasa kwa watoto na wajawazito, na kwinini huchochea kongosho kumwaga insulini, kwa hiyo mgonjwa aliyelegea akiwa kwenye dripu ya kwinini apimwe sukari, asiachwe "apumzike." Pombe kwenye tumbo tupu hulizuia ini kutengeneza sukari mpya, mlevi aliyelala asubuhi pasipo kuamka huenda hajalewa tena. Kuna uvimbe mdogo wa kongosho, wa nadra sana, unaoshusha sukari mtu akiwa na njaa, alfajiri au baada ya kazi, tofauti na kushuka kwangu kulikokuja baada ya kula. Yeyote anayeshuka akiwa hajala, au anayezimia, asinisikilize mimi. Aende hospitali leo.

Na wapo wanaomeza dawa ya sukari bila kujua. Mwaka 2008 huko Singapore watu 150 wasio na kisukari waliingia hospitali kwa sukari kushuka vibaya ndani ya miezi mitano. Wanne walikufa. Ilikutwa kwamba wengi walitumia dawa za kienyeji na za nguvu za kiume zilizochanganywa glibenklamidi, kidonge cha kisukari. Nawaangalia akina baba wa mstari wa nyuma. Nimeshasema.

Ninyi mnaotumia insulini au glibenklamidi, kwenu kushuka ni hatari ya kweli na ya kila siku. Ikisoma chini ya 3.9, sukari vijiko vitatu au vinne kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, kisha kula chakula. Aliyezimia usimmiminie kitu mdomoni; mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Wafungaji wa Ramadhani, kamwoneni daktari mwezi wa Shaabani, dozi ibadilishwe mapema. Kujitoboa kidole hakufunguzi kwa kauli ya wanazuoni wengi. Na ikishuka chini ya 3.9, fungua, hata kama magharibi imebaki dakika kumi. Nimeona mzee akizimia na tende mkononi akiisubiri adhana.

Nimalizie na hesabu ya nchi yetu. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha matokeo kutoka vijiji sita vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika mtu mzima mmoja kwa mia. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ukapata tisa kwa mia. Vijiji sita si nchi nzima, kwa hiyo sitaziweka namba hizo kwenye mizani moja. Lakini nilikuwa kijana katika Tanzania ya namba ya kwanza, wanangu wanalea watoto katika hii ya pili, na kwenye ukumbi huu huenda wapo watu tisa kwa mia.

Mwenyekiti wa mkutano huu amewaleta wauguzi wawili, wako pale mlangoni na vipimo. Lakini nimekaa hapa mbele nikiwaangalia wakati wa mapokezi, na chai mmeinywa, tena na maandazi. Kwa leo hakuna anayeweza kupimwa sukari ya kabla ya kula. Wauguzi watarudi kesho saa moja kamili asubuhi. Njooni na njaa zenu, na wenye kisukari katika ukoo waseme mapema, wapewe kile cha saa mbili.